Joto Halizami: Habari za Kompyuta Zitiwazo Ndani ya Mafuta, Zikitazamwa Kutoka Lweba

Msafiri aondokaye Uvira, mashariki mwa Kongo, kwa Barabara ya Taifa namba 5 kuelekea kusini, ziwa Tanganyika likiwa mkono wake wa kushoto na milima mkono wake wa kuume, huziacha nyuma nguzo za umeme uletwao na maporomoko ya Ruzizi, akapita Mboko na Nundu, akafika Lweba kabla ya Baraka, mahali ambapo taa iwakayo usiku aghalabu ni jua la mchana lililowekwa akiba ndani ya betri, au ni jenereta linalokula mafuta yaliyonunuliwa kwa jasho. Juu ya baadhi ya nguzo zile alizoziacha lilikuwako sanduku la chuma lenye mbavu, ambalo wengi hulipita bila ya kulitupia jicho, nalo ndilo transfoma. Na ndani yake nyaya za shaba, zenye nguvu ya kumwua mtu kwa mguso mmoja, zimelala usiku na mchana katika mafuta, hazirushi cheche wala haziungui, na joto lao huchukuliwa na mafuta hayo hayo hadi kwenye mbavu za chuma, likapokewa na upepo. Nimeanza na sanduku hilo kwa sababu habari ninayokusudia kuieleza, ya watu wanaozamisha kompyuta zao za nyumbani katika chombo kilichojaa mafuta ili zipoe, husikika mara ya kwanza kuwa ni wazimu, ilhali kaida yake imekuwa ikitenda kazi juu ya vichwa vyetu tangu zama za ukoloni.

Kompyuta haina njia nyingine ya kuutumia umeme ila kuugeuza kuwa joto. Barua iliyopigwa chapa, picha ya kitambulisho, hesabu ya ada za wanafunzi, vyote hivyo ni matunda ya kazi yake, walakini nguvu iliyoingia kwa waya hutoka yote ikiwa joto, wati kwa wati, na sehemu kubwa yake hutoka mahali padogo mno, katika kipande cha silikoni kisichozidi sana ukucha wa kidole gumba. Kipande hicho, prosesa, kikikaribia nyuzi 100 hujipunguzia mwendo chenyewe ili kisiungue, na mwenye kompyuta huona tu kwamba mashine yake imekuwa nzito, asijue sababu. Dawa ya kawaida ni feni na bamba la alumini au shaba, na dawa hiyo yatosha pale ambapo hewa ni safi na baridi. Sasa tuitazame hewa ya chumba cha burotiki, yaani duka la kuchapa na kunakili karatasi, kando ya barabara ya udongo, chini ya paa la mabati, katika kiangazi, malori yapitapo. Feni haichagui, huvuta hewa pamoja na vumbi jekundu, masizi ya jiko la jirani, na wadudu wadogo wa ziwani ambao jioni huzunguka kila chenye mwanga, na vumbi hilo, likikutana na unyevu wa masika, hujenga juu ya bamba la alumini zulia ambalo joto haliwezi kulipenya. Basi chombo kilichowekwa ili kuilinda mashine ndicho kinachoiletea adui wake, na hili ni jambo ambalo kila fundi wa Baraka na Lweba amelishuhudia kwa brashi yake mwenyewe.

Hapo ndipo wazo la kimiminika linapopata haki ya kusikilizwa. Mita moja ya ujazo ya hewa, ili ipande joto kwa nyuzi moja, huhitaji kilojuli moja na kidogo. Ujazo uo huo wa mafuta ya madini huhitaji kilojuli elfu moja na mia kadhaa, maana yake ni kwamba mafuta huweza kubeba joto zaidi ya mara elfu moja kuliko hewa ya ujazo ule ule, na tena hulipitisha mara tano upesi zaidi. Mashine iliyozama haina haja ya kuvuta hewa, hivyo vumbi halina mlango. Haina haja ya feni, hivyo kelele hukoma. Na unyevu wa usiku haufikii miguu ya shaba ya vipande vyake ili kuifanya iote kutu ya kijani. Kwa mtu aishiye kando ya ziwa, fadhila hiyo ya mwisho si ndogo.

Swali la kwanza la mtoto wa Lweba, na ni swali la haki, litakuwa hili: mbona tutafute mafuta, ilhali ziwa lote liko mlangoni? Jawabu ni kwamba maji matupu kabisa, yasiyo na chembe ya chumvi, hupitisha umeme kwa shida kubwa, lakini maji ya namna hiyo hayapatikani ila kwa kusafishwa kwa makusudi, na hata hapo hayakai safi, kwa kuwa huanza kula chembe za chuma yanachokigusa na kuwa machafu. Na maji ya Tanganyika yako mbali na usafi huo kuliko maji ya maziwa mengi. Ziwa hili hupoteza maji yake kwa njia ya mvuke zaidi kuliko kwa mto. Mlango wake mmoja tu wa kutokea ni Lukuga, pale Kalemie. Na kwa kuwa mvuke hupaa ukiziacha chumvi nyuma, kwa dahari nyingi magnesiamu na wenzake wamelimbikana ndani yake hata maji yake yakawa na tabia ya magadi. Ni matamu kwa samaki na kwa wanywaji, bali kwa ubao wa kompyuta wenye umeme ni hukumu ya papo kwa papo. Waliofikiwa na mafuriko ya ziwa katika miaka hii ya karibuni, maji yalipoingia madukani na majumbani kuanzia Uvira hadi Kalemie, hawahitaji kuelezwa zaidi.

Kwa hiyo lazima kipatikane kimiminika kinachobeba joto na kukataa umeme. Katika mwaka 1985 Seymour Cray, Mmarekani aliyejenga kompyuta zilizokuwa na kasi kuliko zote za siku zake, alitoa kompyuta iitwayo Cray-2, ambayo mbao zake zilikuwa zimebanana mno hata hewa isiweze kupita katikati, naye akaizamisha yote katika Fluorinert, kimiminika cha kampuni ya 3M, kisicho na rangi, kisichowaka, kisichodhuru shaba wala plastiki. Kimiminika hicho na ndugu zake ni katika jamii ya kemikali ambazo hazivunjiki zikishaingia katika ardhi na maji, na mwishoni mwa mwaka 2022 kampuni hiyo ilitangaza kwamba ingeacha kutengeneza jamii hiyo nzima hadi ukomo wa mwaka 2025. Watu wa kawaida, ambao mfuko wao haukuwahi kuifikia Fluorinert, walielekea kwenye mafuta. Kuanzia miaka ya 2006 na 2007 palionekana Marekani na Ulaya kompyuta za nyumbani zilizozamishwa, nyingine ndani ya mafuta ya kupikia kwa majaribio, nyingine ndani ya mafuta meupe ya madini, katika matangi ya kioo ya kufugia samaki; na kuna jambo la kutaamali hapa, kwa kuwa matangi ya namna hiyo ndiyo ambamo samaki wa mapambo waliovuliwa katika ziwa letu hili huishi ughaibuni. Halafu, mwezi wa Novemba 2013, kompyuta TSUBAME-KFC ya chuo cha ufundi cha Tokyo, iliyozamishwa katika mafuta, ilishika nafasi ya kwanza duniani katika orodha ya kompyuta kubwa zinazotumia umeme kwa uangalifu kupita zote. Jambo lililoanza kama mapenzi ya watu wachache likawa elimu ya kuheshimiwa.

Walakini katika habari hizi zote kuna sehemu ambayo wasimuliaji huipita mbio, nayo ndiyo kiini cha jambo lote. Mafuta hayauui moto. Mafuta ni hamali: huupokea mzigo mahali ulipo na kuupeleka mahali pengine, na hamali asiyekuwa na mahali pa kutua mzigo wake ataanguka nao njiani. Kimiminika cha Cray-2 kilisukumwa kwa pampu hadi kwenye vyombo vilivyopozwa kwa maji ya baridi. Mafuta ya Tokyo yaliukabidhi mzigo wao kwa maji, na maji yakaupeleka katika mnara nje ya jengo, ukatoweka hewani. Mtu wa nyumbani atiaye kompyuta yake katika tangi na kulifunika, akadhani kwamba amelimaliza joto, amelichelewesha tu.

Natuchukue mfano wa kompyuta itumiayo wati 200, iliyozama katika lita 40 za mafuta. Ukipiga hesabu ya uzito wa mafuta hayo na uwezo wake wa kubeba joto, utaona kwamba, iwapo hakuna joto litokalo, hupanda nyuzi 11 hivi kila saa. Saa mbili asubuhi mafuta yako katika nyuzi 26, na saa tano, wakati ambapo wateja wamejaa, yanakaribia 60. Kwa kweli kuta za tangi hutoa sehemu ya joto, na kadiri mafuta yanavyopata moto ndivyo zinavyotoa zaidi, hata mpando ukapungua na mwisho kusimama; lakini tangi la kadiri hiyo, katika chumba cha nyuzi 27, husimama kiasi cha nyuzi 50 au zaidi, na chini ya mabati ya mchana, ambapo chumba chenyewe chaweza kupita nyuzi 35, husimama juu zaidi. Uzuri wa mafuta ni subira yake: humpa mtu saa nyingi za utulivu kabla ya joto kufika mahali pa hatari, na kwa anayefanya kazi saa tatu au nne kisha akazima kwa sababu betri zake zimekwisha, subira hiyo peke yake yaweza kutosha. Kwa anayefanya kazi mchana kutwa haitoshi, naye lazima aongeze pampu na radieta, na pampu hula umeme, na radieta hutaka feni, na kwa njia hiyo vumbi tulilolifukuza mlangoni hurudi dirishani, ingawa safari hii hukaa juu ya radieta isiyo na umeme, ambayo yaweza kuoshwa kwa maji na sabuni.

Basi kwa nini radieta ipulizwe, na ziwa lipo? Hili ni swali jingine kabisa na lile la kwanza, kwa sababu hapa maji hayaigusi kompyuta. Mafuta hupita ndani ya bomba, na bomba hupita ndani ya maji. Mji wa Toronto, Kanada, tangu mwaka 2004 hupoza majengo yake makubwa kwa maji yanayovutwa kutoka kilindi cha ziwa Ontario, kama mita 83 chini, ambako maji ni nyuzi 4 mwaka mzima. Kampuni ya Microsoft ilizamisha silinda yenye sava 864 katika bahari ya visiwa vya Orkney, Uskoti, mwaka 2018, ikaitoa mwaka 2020. Mle ndani mlikuwa na gesi kavu ya nitrojeni badala ya kimiminika, lakini joto lilikabidhiwa bahari kwa mabomba, na mashine zilizoharibika zilikuwa sehemu moja kwa nane tu ya kiwango cha zile zilizobaki nchi kavu. Mtu akisoma habari hizo huku akilitazama Tanganyika, lenye kina cha mita 1,470, la pili duniani, moyo wake lazima upige. Lakini ziwa letu si Ontario. Halijui baridi ya majira ya theluji, na maji yake ya kilindini, hata yale yaliyolala gizani pasipo oksijeni, hayashuki sana chini ya nyuzi 23, ilhali ya juu huwa kati ya 24 na 28. Hakuna faida basi ya kushusha bomba refu. Mita chache zatosha, kwa kuwa maji ya karibu na pwani ni karibu sawa na ya mbali. Nyuzi 25 si baridi ya kumtetemesha mtu, lakini mbele ya mafuta ya nyuzi 50 ni tofauti kubwa, tena haikatiki mchana wala usiku, wala haipandi pamoja na mabati. Mwenye nyumba iliyo hatua chache kutoka majini ana utajiri ambao mwenye nyumba iliyo mbali na maji hana.

Sasa nafika kwenye mawese, kwa sababu najua kwamba msomaji wa Fizi, eneo ilimo Lweba, amekwisha kuyafikiria kabla yangu. Michikichi imeshika mabonde na miteremko ya pwani hii; ngazi, yaani matunda yake, huchemshwa, hupondwa na kukamuliwa karibu katika kila kijiji; na mafuta yapo sokoni kwa bei ambayo mafuta ya madini yaliyotoka ng'ambo hayawezi kuifikia. Mbona yasitumike? Nimelipima swali hili kwa mapenzi, kwa kuwa ningetamani jawabu liwe ndiyo, na jawabu si ndiyo. Karibu nusu ya mawese ni mafuta mazito yagandayo, na kila mama auzaye sokoni ajua kwamba chupa ya asubuhi ya kiangazi huwa na tabaka zito chini na tabaka jekundu jembamba juu. Kimiminika kinachoganda usiku hakizunguki asubuhi, na prosesa hupata moto kupita kiasi katikati ya mafuta yaliyoganda huku mengine yote yakiwa baridi. Pili, ngazi ikishapondeka au ikikaa siku kadhaa kabla ya kuchemshwa, kimeng'enya kilichomo ndani yake huanza kuyavunja mafuta na kuzaa asidi, na asidi hiyo hula shaba. Tatu, na hili ndilo baya kuliko yote, shaba nayo huyaharakisha mafuta kuharibika yakutanapo na hewa na joto, hata kila mmoja akawa msaada wa uharibifu wa mwenziwe: mafuta huila shaba, shaba huyachachusha mafuta, na baada ya miezi chombo huwa na harufu ya kuvunda na utandu wa gundi usiobanduka juu ya kila kipande. Mabaki ya maji yasiyoondolewa sawasawa wakati wa kukamua huongeza hatari ya umeme.

Hata hivyo sipendi mkulima wa michikichi aondoke hapa mikono mitupu. Nchini Japani, kampuni ya Lion ilichukua asidi zilizomo katika mafuta ya mchikichi, ikazitenga na gliserini, ikaziunganisha na alkoholi, ikapata kimiminika cha transfoma kilicho chepesi kuliko mafuta ya madini na chenye kuvunjika bila madhara kikimwagika ardhini. Maana yake ni kwamba kati ya mawese ya Lweba na kimiminika cha kupozea kompyuta pana kiwanda kimoja cha kemia, si ukuta wa maumbile. Nchi yetu ya Kongo, iliyokuwa na kampuni ya mawese ya Lever tangu mwaka 1911, haikosi historia ya kazi hiyo. Iliyoikosa ni hatua ya pili, ya kuyafanya mafuta kuwa kitu kingine kabla ya kuyauza, na mimi naamini kwamba hatua hiyo itakapochukuliwa, haitachukuliwa na mtu ambaye hajawahi kuyaona mawese yakiganda ndani ya chupa.

Kuna mafuta mengine ambayo hadhari yake ni kubwa zaidi, nayo ni yale ya transfoma kuukuu. Nchini Kenya, na kwa majirani zake pia, transfoma zimevunjwa na wezi mara nyingi ili mafuta yake yauzwe, na baadhi ya mafuta hayo yamefika katika makaango ya chipsi kando ya barabara, kwa sababu hukaa muda mrefu bila ya kubadilika. Kijana apendaye majaribio aweza kufikiri kwamba mafuta hayo, yaliyotengenezwa kwa ajili ya umeme, ndiyo hasa yamfaayo. Lakini transfoma nyingi za zamani zilijazwa au kuchafuliwa na kemikali za PCB, ambazo huingia mwilini kwa ngozi na kwa chakula, hukaa katika mafuta ya mwili miaka mingi, na husababisha saratani. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 umeamuru ziondolewe duniani. Hazina rangi wala harufu ya kumwonya mtu. Mafuta yasiyojulikana yalikotoka yasiguswe. Na mafuta ya taa, ambayo mvuke wake hushika moto kwa joto la nyuzi 40 hivi, yasikaribie kabisa tangi la kompyuta. Kinachofaa ni mafuta meupe ya madini, yaliyosafishwa sana, yasiyo na manukato, ya namna ile iuzwayo katika maduka ya dawa, na bei yake kwa lita 40 ndiyo itakayowarudisha wengi nyuma.

Taabu za nyumbani zipo pia. Mafuta hupanda ndani ya waya, kati ya shaba na ngozi yake ya plastiki, yakatokea upande wa pili juu ya meza. Plastiki laini za nyaya hupoteza ulaini wake na kukakamaa. Diski ngumu ya zamani, izungukayo, ina tundu dogo la kupumulia na mafuta yakiingia humo imekufa, hivyo lazima ikae nje au itumike ile isiyo na kitu kinachozunguka. Kila tengenezo dogo hutaka mikono iloane hadi kwenye viwiko. Lita 40 pamoja na kioo na mashine si mzigo wa mtu mmoja, na katika mkoa ambao familia zimelazimika mara nyingi kukimbia na vitu vyao vichwani, uzito ni hoja ambayo watu wa Tokyo hawakuwa na haja ya kuiweka katika hesabu. Mafuta yaliyochoka yakimwagwa mferejini huishia ziwani, kwa ndagala na mikeke, na hakuna kompyuta inayostahili gharama hiyo.

Kaskazini ya hapa, pale Luviro, katika mradi wa hifadhi ya Virunga, umeme wa mto ulianza mwaka 2020 kuendesha kompyuta za kuchimba sarafu ya bitcoin, zilizopangwa ndani ya makontena na kupozwa kwa feni, kwa kuwa hewa ya milimani ni baridi na umeme ulikuwapo kwa wingi. Lweba ina vyote kinyume: hewa ni moto, umeme ni haba. Kwa sababu hiyo rai yangu kwa mwenye burotiki ni kwamba, kabla ya kufikiria mafuta, anunue kompyuta ndogo itumiayo wati 15 au 30 badala ya 200, afunge kitambaa chembamba mbele ya tundu la hewa na kukifua kila juma, na aweke dari chini ya mabati. Joto lisilozalishwa halihitaji hamali. Kwa fundi kijana aliye na ubao mkuukuu, radieta ya gari bovu, kipimajoto na hamu ya maarifa, rai yangu ni nyingine: afanye, kwa mafuta safi na kidogo, na aandike katika daftari joto la chumba, la mafuta na la prosesa kila saa, pamoja na wati zinazoliwa na pampu yake, mwezi mmoja wa kiangazi na mwezi mmoja wa masika, ili bei ya lita zile za mafuta iweze kulinganishwa na bei ya feni anazozibadilisha kwa mwaka.